Stedingi za mawe Uskoti: ya uwanja, ya L au ya mstari mmoja, na upande upi wa jengo uchukue

Siku hizi naona watu wa kwetu walioko Uskoti, hasa waliokaa Edinburgh na Aberdeen miaka mingi na watoto wameshakuwa wakubwa, wameanza kuchoka na fleti na wanatamani nyumba ya shamba, na wakifungua mitandao ya nyumba kinachowavutia kwanza ni zile picha za majengo ya mawe ya shamba la zamani yaliyogeuzwa makazi, matao makubwa yamewekwa vioo, boriti ziko wazi juu, jiko la kuni linawaka. Waskoti wanayaita stedingi, na mi nitatumia hilo hilo.

Shida ni kwamba kwenye picha zote zinapendeza na zote zinafanana, afu ukija kuishi ndani unakuta hii ina jua mpaka sebuleni na ile ni giza saa nane mchana, hii kavu kabisa na ile ukuta unatoa chumvi kila msimu. Na tofauti hiyo mara nyingi haitokani na fundi aliyeigeuza, inatokana na kazi iliyokuwa inafanyika humo miaka 150 iliyopita. Mi kazi yangu ni kuziba viungo vya kuta za mawe kwa chokaa, kwa hiyo haya majengo nayaona upande wa pili wa plasta, na maoni yangu naweka mapema kabisa: usichague kwa sura, ulizia kwanza chumba unachotaka kulala wewe zamani kilikuwa kinalaza nini, ng'ombe, farasi au ngano.

Kwanza hizi ni nini hasa

Stedingi siyo nyumba ya mkulima. Nyumba ya mkulima kwa kawaida imesimama pembeni na bustani yake, imeupa mgongo ule uchafu wote. Stedingi ni majengo ya kazi yenyewe, zizi la ng'ombe, banda la farasi, ghala la kupuria, banda la mikokoteni na stoo ya nafaka juu yake, wakati mwingine na nyumba ya njiwa juu ya lango.

Nyingi unazoziona zimejengwa kati ya miaka ya 1770 na 1870. Kabla ya hapo ardhi ililimwa kwa vipande vyembamba vilivyogawanywa kati ya wapangaji wengi waliokaa pamoja kwenye vijiji vidogo, wenye ardhi wakaja kuufuta huo mtindo, wakaunganisha vipande, wakaweka mpangaji mmoja kwenye shamba kubwa na mkataba mrefu, miaka 19 ndo ilikuwa kawaida, na mpangaji wa namna hiyo hakubali kuja kama hakuna majengo ya maana. Vita na Ufaransa kuanzia 1793 mpaka 1815 vikapandisha bei ya nafaka, hela ikapatikana ya kujengea kwa mawe. Na 1786 fundi mmoja wa vinu karibu na East Linton, Andrew Meikle, akatengeneza mashine ya kupura iliyofanya kazi kweli, na hiyo mashine ndo iliyobadilisha ramani ya stedingi, maana ilihitaji nguvu, ya maji, ya farasi wanaozunguka au baadaye ya mvuke, na kila nguvu ina jengo lake. Miaka ya 1870 kuendelea nafaka ya bei chee kutoka Marekani ikaangusha soko na ujenzi mkubwa ukapoa. Ndo maana majengo haya yamekaa kama yaligandishwa kipindi kimoja.

Ya uwanja wa kati: Lothian, Berwickshire, Fife

Hii ndo kubwa kuliko zote, majengo pande tatu au nne na uwanja katikati. Nchi yake, upande wa mashariki ya Uskoti, ni ya ngano na shayiri, udongo mzuri, mashamba mapana, na jengo limepangwa kufuata safari ya majani makavu ya nafaka. Miganda inaingia kutokea nyuma, upande wa kaskazini ambako mabiwi yalikuwa yanapangwa, inapurwa kwenye ghala refu la kaskazini, nafaka inaenda stoo ya juu, majani makavu yanaangukia kwenye chumba kinachochomoza kuelekea katikati, na kushoto na kulia ya hicho chumba ni nyua za ng'ombe, ili majani yabebwe hatua chache tu kwenda kuwatandikia. Ng'ombe wanayakanyaga, inakuwa samadi, samadi inarudi shambani. Lile ghala refu la kaskazini linakinga upepo na nyua zimefunguka kusini zipate jua la baridi. Ukishika hiyo ramani kichwani umeshajua pa kuweka sebule hata kabla hujafungua mlango.

Mawe yake ni jiwe la mchanga, jekundu au la rangi ya asali kutegemea na chimbo la karibu. Linachongeka vizuri kwa hiyo pembe na fremu za madirisha zimenyooka, ila ni jiwe laini na linakunywa maji. Paa mara nyingi ni vigae vyekundu vya kujipinda, vya mwanzo vilikuja na meli kutoka pande za Uholanzi ndo maana utaviona zaidi mashariki karibu na bahari, baadaye vikawa vinachomwa hapa hapa. Kuna kitu kidogo ukikiona ujue paa bado lina mpangilio wake wa zamani: chini kabisa, juu ya mfereji wa maji, safu mbili tatu za mwisho siyo vigae, ni sleti, yani yale mawe membamba ya kuezekea. Waliziweka kupunguza mteremko mwishoni ili maji yatoke mbali na ukuta. Mafundi wengi wa sasa wakiezeka upya wanaziruka kwa kubana hela, afu kichwa cha ukuta kinaanza kulowa na mwenye nyumba anashangaa unyevu unatoka wapi.

Ukipita East Lothian utaona mabomba marefu ya moshi ya matofali yamesimama katikati ya mashamba, mgeni anadhani ni kiwanda, kumbe hapo palikuwa na injini ya mvuke ya kupuria. Kama stedingi unayoitaka ina bomba, uliza nani anamiliki hilo bomba na nani analipa likianza kuinama. Siyo utani, kwenye hati linaweza kuwa la wote.

Na hapo ndo kwenye udhaifu wa aina hii. Kwa sababu ni kubwa, karibu kila mara inagawanywa nyumba kadhaa, kwa hiyo hununui stedingi, unanunua kipande. Uwanja ni wa pamoja, barabara ya kuingilia ni ya pamoja, tanki la maji taka ni la pamoja, na sauti ndani ya uwanja wa mawe inapiga kuta na kurudi, mtu akifunga mlango wa gari saa tano usiku mmesikia wote. Kwa upande mwingine watoto wanacheza sehemu moja unawaona kwa dirisha, majirani unawajua kwa majina, na gharama ya paa ukiwa na bahati mnachangia. Mi naona kwa familia ya mjini inayoogopa upweke wa shamba hii ndo ya kuanzia.

Ya L au U: Aberdeenshire na jirani zake

Huku, kaskazini mashariki, ni nchi ya ng'ombe wa nyama, oti (nafaka ya uji) na tanipu (mizizi ya kulishia mifugo). Mashamba mengi yalikuwa madogo kuliko ya Lothian na ardhi yenyewe ilikuwa imejaa mawe, watu walisafisha mawe ya graniti kwa mikono mpaka wakakosa pa kuyaweka, pale Kingswells nje ya Aberdeen kuna ukuta mpana kiasi kwamba mtu anatembea juu yake kama barabarani, umejengwa katikati ya karne ya 19 kwa sababu tu mawe yalihitaji kwenda mahali. Kwa hiyo stedingi ni ndogo, pande mbili au tatu, na familia moja inaweza kuimiliki yote bila jirani wa ukutani. Hilo ndo linalowavuta wengi.

Graniti hainywi maji kama jiwe la mchanga na haimomonyoki kirahisi. Watu wanasikia hivyo wanalala usingizi. Lakini jiwe lisilokunywa maji maana yake mvua yote inayopigwa na upepo inateremka usoni na kutafuta kiungo, kwa hiyo ukuta wa graniti ni mzuri kadiri viungo vyake vilivyo vizuri. Angalia kati ya mawe makubwa utaona vipande vidogo vidogo vimepachikwa kwa ustadi kwenye nafasi, siyo mapambo tu, vinapunguza kiasi cha chokaa kinachoachwa wazi kwa mvua. Vikidondoka na fundi akajaza simenti tu pale, umeanza matatizo.

Paa ni sleti. Nzuri za zamani zilitoka Foudland huko huko Aberdeenshire, nyingine Ballachulish upande wa magharibi ambako machimbo yalifungwa 1955, kwa hiyo zilizopo ni zile zile zinazookotwa kwenye paa moja kwenda jingine na bei yake siyo ya kitoto. Uskoti sleti inapigiliwa moja kwa moja kwenye mbao, na kinachokufa kwanza ni msumari, jiwe lenyewe linaendelea kudunda. Ukiona sleti zinateleza moja moja kila baada ya upepo, misumari imekwisha na paa zima linahitaji kuvuliwa na kuvishwa upya, usikubali kuambiwa ni za kurekebisha tu.

Tatizo kubwa la aina hii nalitaja wazi: sehemu kubwa ya jengo ilikuwa zizi. Ng'ombe walifungwa ndani majira yote ya baridi wakilishwa tanipu, na kwa hiyo bawa zima unaloambiwa litakuwa vyumba vitatu vya kulala lilikojolewa kwa zaidi ya miaka mia. Nitarudi hapo chini. Pia kuna maeneo ya huko, hasa Deeside, ambako gesi ya radoni, yenye mionzi, inatoka ardhini, kipimo chake kinakaa ndani ya nyumba miezi 3, muulize muuzaji kama kishafanyika.

Ya mstari mmoja: Caithness, Orkney, nyanda za juu

Hapa nyumba, zizi na ghala viko kwenye mstari mmoja chini ya paa moja au yaliyofuatana, wakati mwingine na tanuru la mviringo la kukaushia nafaka mwishoni. Orkney na Caithness wana jiwe bapa linalopasuka lenyewe kama mbao, kwa hiyo ukuta wake ni tabaka tabaka nyembamba zimelala sawa, na ndani ya zizi hata kizuizi kati ya ng'ombe na ng'ombe ni bamba moja la jiwe limesimamishwa wima. Paa za zamani pia ni mabamba hayo hayo, mazito kupita kiasi. Kwa uzuri wa ukuta mi sijaona wa kuufikia.

Kwa kuishi ni habari nyingine. Mbao ndefu zilikuwa adimu huko kwa hiyo upana wa ndani umefungwa na urefu wa boriti, mara nyingi mita 4 hivi. Sasa weka insulesheni, yani tabaka la kuzuia baridi, upande huu na upande ule, kila mmoja unakula sentimita 10 mpaka 15, umebaki na mita 3.7 mpaka 3.8, afu unataka korido ya kufikia vyumba, korido ikichukua mita moja chumba kinakuwa kama behewa la treni. Wasanifu wenye akili wanaacha korido kabisa na kufanya chumba kupita chumba, au wanasukuma kibanda cha kioo kwa nyuma kama halmashauri inakubali. Familia ya watoto wanne hapo haitoshi, tusidanganyane. Wawili waliostaafu, au mtu anayefanya kazi nyumbani, inatosha na inabaki, na kuipasha joto ni rahisi kwa sababu ni chini na nyembamba.

Kitu cha kuangalia: ziliwekwa kufuata mteremko, zizi upande wa chini ili mkojo uteremke mbali na watu. Upande wa juu ndo mkavu. Ukiona ramani ya kugeuza imeweka vyumba vya kulala upande wa chini kwa sababu ya mandhari, jiulize mara mbili.

Mtu asiyewahi kuziona ana kwa ana aende Corrigall, Harray, Orkney, kuna makumbusho ya shamba ya namna hiyo, au Arnol kwenye kisiwa cha Lewis kwenye ile nyumba nambari 42 ya nyasi ambamo watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja na ilikaliwa mpaka 1966. Na kwa anayetaka kuona stedingi ya uwanja karibu na Glasgow, Kittochside pale East Kilbride ipo wazi kama makumbusho ya maisha ya vijijini tangu 2001.

Sasa upande upi

Hapa ndo naona watu wanakosea zaidi, maana kwenye stedingi ile ile moja nyumba namba 2 na namba 5 zinaweza kuuzwa bei moja na zikawa mbingu na ardhi.

Banda la mikokoteni lenye stoo ya nafaka juu, kwangu mimi hili ndo namba moja. Chini ni matao wazi, manne, matano, sita, ukiyaweka vioo unapata mwanga ambao ni vigumu mtu wa mipango miji kukukatalia kwa sababu matundu yalikuwepo tayari. Juu ni stoo ya nafaka, na nafaka ilihitaji ukavu kwa hiyo sakafu ni imara ya kubeba tani, kuna vidirisha vya kupitisha hewa na chini yake hakukuwa na mnyama. Kuna ngazi ya mawe ya nje inayopanda stoo, chungulia chini ya ngazi, mara nyingi kuna kishimo chenye tao dogo, hicho kilikuwa kibanda cha mbwa, watoto watakigombania. Kasoro ni moja na ujue mapema: matao mengi yanaangalia kaskazini au barabarani, kwa makusudi, kwa sababu jua lilikuwa linakausha mbao za mikokoteni mpaka magurudumu yanalegea. Kwa hiyo vioo vyako vikubwa vinaweza kukupa mwanga bila joto. Nenda na dira ya simu.

Banda la farasi ni la pili. Farasi walikuwa mali, walijengewa dari ya juu zaidi, madirisha yanayofunguka, sakafu ya mawe iliyopangwa vizuri, na juu stoo ya nyasi kavu. Kuta zina chumvi kidogo kuliko za zizi. Hesabu nafasi za farasi kama bado zipo, utajua shamba lilikuwa kubwa kiasi gani.

Ghala la kupuria lina urefu wa kwenda juu na milango miwili mikubwa inayotazamana, ya kuvuta upepo wa kupepetea. Ukiingia unasema wow. Lakini zaidi ya milango hiyo kuna matundu membamba tu ya hewa, unachomeka mkono haupiti, na halmashauri haipendi kabisa uyapanue. Kwa hiyo inakuwa sebule moja kubwa yenye mwanga katikati na vyumba gizani pembeni, na joto lote linapanda juu kwenye kenchi kukaa na popo. Inamfaa mtu mwenye hela ya kupasha joto sakafuni na asiyejali vyumba vichache.

Nyumba ya mviringo, ile ambamo farasi walizunguka kuendesha mashine, inauzwa kwa mapenzi. Paa lake la pembe pembe ukilitazama kutoka chini utasahau bei. Chumba cha kulia chakula hapo kinapendeza mno, kabati la kununua dukani halikai popote.

Nyua za ng'ombe zilizoezekwa, kwenye nguzo za chuma au za mawe ya mviringo, zinatoa nafasi pana kuliko sehemu yoyote, ila ukuta mpya utajengewa, kwa hiyo unalipa bei ya jengo la kihistoria unaishi kwenye jengo la juzi lenye nguzo za zamani. Angalia pia paa: nyongeza za karne ya 20 mara nyingi ziliezekwa kwa mabati ya asbestosi, kuyatoa ni kazi ya waliofunzwa na ni gharama.

Zizi naliweka mwisho na sioni haya. Mkojo na samadi viliingiza chumvi ndani ya jiwe na ndani ya chokaa, na chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani hata kama paa halivuji na mfereji mzima. Ishara yake inaanzia chini mpaka kama usawa wa kiuno: rangi inavimba, kuna manyoya meupe kama pamba, ukisugua kwa kidole plasta inabaki mkononi kama unga. Watu wanakuja na dawa za kuchoma sindano ukutani, hazitoi chumvi. Inayosaidia ni plasta ya chokaa inayokubali kuharibika ili uitoe uweke nyingine, na hiyo ina maana ya kurudia, au kuweka ukuta wa ndani uliojitenga na jiwe na hewa katikati, unapoteza upana. Dari nayo ni fupi. Kama bei imeshuka vya kutosha kubeba hayo, sawa. Kama inauzwa bei moja na banda la mikokoteni, achana nayo.

Vitu viwili vinavyogusa aina zote

Simenti. Kuta hizi zina unene wa sentimita 60 hivi, nyuso mbili za mawe na kokoto na chokaa katikati, na zinapumua kupitia viungo. Wenye asili ya Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe hili halihitaji somo, wameshaona nyumba ya matumbawe na chokaa ikipigwa lipu ya simenti inavyolowa ndani na kuanza kubanduka, na huku ni hivyo hivyo isipokuwa huku kuna barafu: maji yaliyonaswa nyuma ya simenti yanaganda, yanatanuka, na uso wa jiwe la mchanga unadondoka vipande huku simenti yenyewe ikibaki imesimama kama mshipa. Kuitoa na kuweka chokaa inawezekana, ila ni kazi ya msimu, takriban Aprili mpaka Oktoba, maana chokaa mbichi ikipigwa na baridi kali inakufa. Weka hiyo kwenye bajeti na kwenye kalenda.

Msingi. Majengo haya mengi hayana msingi wa maana, ukuta umekaa juu ya mawe makubwa chini kidogo ya udongo. Kuweka insulesheni ya sakafu lazima uchimbe, na ukichimba chini ya yale mawe ya kwanza ukuta unabaki unaning'inia. Mkandarasi akikuambia atashusha sakafu sentimita 50 ili dari iwe juu, mwombe barua ya injinia kwanza.

Karatasi, kwa ufupi

Kama unanunua ambayo haijageuzwa: tangu Aprili 2021 jengo la kilimo Uskoti linaweza kugeuzwa nyumba mpaka 5, kila moja isizidi mita za mraba 150, bila maombi kamili ya kibali, unapitia idhini ya awali tu, ila jengo likiwa kwenye orodha ya kihistoria, daraja A, B au C, njia hiyo imefungwa, unaomba kibali cha kawaida pamoja na cha jengo la kihistoria, na kufanya kazi bila hicho cha pili ni kosa la jinai. Popo wanalindwa kisheria na ukaguzi wao unafanyika miezi ya joto, Mei mpaka Septemba hivi, kwa hiyo ukinunua Oktoba jiandae kusubiri. Bundi na mbayuwayu nao huwezi kugusa viota vyao vikiwa vinatumika. Habari njema ni kwamba kodi ya VAT kwa mkandarasi anayegeuza jengo lisilokuwa makazi kuwa nyumba kwa kawaida ni 5% badala ya 20%, mwone mhasibu kabla hujasaini naye.

Kama unanunua kipande kilichogeuzwa, soma hati na wakili mstari kwa mstari: nani anatunza barabara, maji yanatoka bombani au kwenye kisima cha shamba la jirani, tanki la maji taka limesajiliwa na lipo kwenye ardhi ya nani.

Ningechagua nini

Familia yenye watoto wa shule na kazi mjini: ya uwanja wa kati, Lothian, upande wa banda la mikokoteni au la farasi, hata kama ni ndogo kidogo kuliko ile ya zizi kwa bei hiyo hiyo. Anayetaka kuwa peke yake, ana hela ya akiba na hana haraka: ya L ya graniti, ila mpango wa vyumba ubadilishwe ili zizi liwe gereji, stoo na chumba cha kufulia, na watu walale kwingine. Ya mstari mmoja ni ya wawili wanaoipenda bahari na upepo na wasiopokea wageni kumi kwa wakati mmoja, sikukuu itakuwa shida. Kugeuza mwenyewe kutoka gofu sikushauri kama ni nyumba yako ya kwanza nchini hapa, hata kama una ndugu fundi.

Nenda kuiona Februari mvua ikinyesha, siyo Juni. Na ile ripoti ya nyumba (Home Report, ya hali na thamani yake) ambayo muuzaji anatakiwa kuwa nayo tangu Desemba 2008, kwa stedingi iliyogeuzwa karibuni na kuuzwa mara ya kwanza hailazimiki, kwa hiyo usipopewa siyo lazima wanakuficha kitu, ila itabidi ulipe sevea wako, yani mkaguzi wa majengo. Mchague aliyezoea majengo ya mawe, afu kabla hajaja muulize swali moja, anapimaje unyevu. Akisema kwa ile mashine ndogo ya kubandika ukutani peke yake, tafuta mwingine, maana chumvi ya zizi inaidanganya hiyo mashine, inasoma ukuta umelowa hata ukiwa mkavu, na utaishia kulipia dawa ya ugonjwa ambao nyumba haina. Anayejua kazi atatoboa sampuli ya ukuta apeleke kupimwa unyevu na chumvi kila kimoja peke yake.